Namna ya Kuchagua Programu ya Foniki ya Kumfundishia Mtoto Mdogo Kusoma

Mzazi anayetafuta programu ya kumfundishia mtoto kusoma hukutana kwanza na wingi wa bidhaa: vitabu vya hatua kwa hatua, kadi za herufi, video za nyimbo za alfabeti, na programu za simu zinazoahidi kwamba mtoto atakuwa anasoma baada ya wiki chache. Karibu zote hujiita za foniki, yaani za kufundisha kusoma kwa kuoanisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha. Jina hilo peke yake halitoshi kukuamulia, kwa kuwa hutumiwa pia na bidhaa zilizojaa picha na nyimbo ambazo hazimfikishi mtoto kwenye kusoma neno hata moja kwa nguvu zake mwenyewe. Programu nzuri hutambulika kwa jambo ambalo halionekani kwenye jalada: karibu kila neno ambalo mtoto anatakiwa kulisoma limeundwa kwa herufi na sauti alizokwisha kufundishwa. Mengi nitakayoyaeleza hapa yanatokana na jambo hilo au yanalitumikia.

Umuhimu wa kufundisha sauti na herufi kwa mpangilio hautegemei madai ya wachapishaji. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani, baada ya kupitia tafiti nyingi, lilihitimisha kwamba watoto wanaofundishwa foniki kwa utaratibu uliopangwa hujifunza kusoma vizuri zaidi kuliko wanaodokezewa tu au wasiofundishwa kabisa, na kwamba faida hiyo huwa kubwa zaidi mafunzo yanapoanza mapema. Nchini Uingereza, ripoti iliyoongozwa na Jim Rose mwaka 2006 ilipendekeza njia hiyo hiyo kwa shule za England, na tangu mwaka 2012 watoto wa huko wenye umri wa miaka 5 au 6 hupimwa kwa kusomeshwa maneno 40, ambayo 20 ni halisi na 20 ni ya kubuni. Maneno ya kubuni yana kazi maalumu katika kipimo hicho: mtoto hawezi kuwa ameyakariri, kwa hiyo akiyasoma vizuri ni dhahiri kwamba anazisoma herufi zenyewe. Kipimo hicho utaweza kukitumia mwenyewe nyumbani, kama nitakavyoeleza baadaye.

Kabla ya kufungua programu yoyote, amua mtoto ataanza kusoma katika lugha gani, maana programu iliyo bora kwa lugha moja huweza kuwa mbaya kwa nyingine. Palipo na uwezekano wa kuchagua, ninashauri kwa nguvu kuanza na lugha ambayo mtoto anaizungumza vizuri. Mtoto anayeunganisha sauti za neno na kutamka neno analolijua hupata uthibitisho papo hapo kwamba amesoma sawasawa. Anayetamka neno asilolijua hapati uthibitisho wowote, na kwake kusoma hubaki kuwa kazi ya kutoa milio. Ujuzi wa kuunganisha sauti akishaupata katika lugha ya kwanza ataingia nao katika ya pili.

Kiswahili humrahisishia sana mtoto hatua hii. Kina irabu 5, na kila irabu husomwa kwa namna ile ile popote inapotokea. Mtoto aliyefundishwa irabu hizo pamoja na k, t, m na l tayari anaweza kusoma sentensi kamili kama “Mama alikata mkate”. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na sauti moja huweza kuandikwa kwa njia nyingi, kama inavyoonekana katika maneno “see”, “sea”, “me” na “key”. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha lugha kadhaa za Ulaya, ulionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kusoma, watoto wa lugha zenye tahajia ya moja kwa moja, kama Kifini, Kiitaliano na Kigiriki, walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa, wakati watoto wa Scotland waliojifunza kwa Kiingereza walisoma takriban theluthi moja tu. Tofauti hiyo hutoka kwenye tahajia, wala haihusu akili za watoto. Kwa sababu hiyo, programu ya Kiswahili inayotumia mwaka mzima kwenye herufi moja moja inampotezea mtoto muda, na programu ya Kiingereza inayodai kumaliza kila kitu ndani ya wiki chache imeacha nje sehemu kubwa ya kazi, ambayo kwa kawaida huhitaji miaka miwili au zaidi.

Hata hivyo Kiswahili kina ugumu wake, na programu inayoupuuza haifai. Ugumu wa kwanza ni herufi mwambatano kama ch, sh, ny, ng', dh, th, gh, mb, nd na nyinginezo, ambazo zinapaswa kuja baada ya herufi moja moja kukaa vizuri, chache kwa wakati mmoja, kila kundi likiwa na maneno na hadithi zake. Angalia hasa jinsi programu inavyomwonyesha mtoto kwamba m ya “mtoto” husimama peke yake kama silabi, ilhali m ya “mbuzi” hutamkwa pamoja na b. Ugumu wa pili ni urefu wa maneno. Mtoto anayesoma “kuku” na “bata” bila shida huweza kukwama kabisa mbele ya “hawatatusomea”, ingawa hakuna herufi hata moja ngeni ndani yake. Programu inayostahili humzoesha kulikata neno refu silabi kwa silabi na kuliunganisha tena, na huongeza urefu wa maneno taratibu kadiri masomo yanavyosonga.

Hapa niseme jambo kuhusu mazoea ya kuimba “ba, be, bi, bo, bu”. Silabi ndiyo kipimo kinachoafikiana na Kiswahili, na sioni sababu ya kuiacha. Tatizo huja pale mtoto anapokariri wimbo wa mstari mzima bila kuziangalia herufi, kiasi kwamba ukimwonyesha “bo” peke yake analazimika kuanza “ba, be, bi” mpaka afike. Programu unayoichunguza inapaswa kuzichanganya silabi mapema, na inapaswa kumwonyesha mtoto kwamba “ba” imetokana na sauti mbili zilizoungana, ili siku atakapofundishwa f aweze kuunda “fa, fe, fi, fo, fu” mwenyewe bila kusubiri kuimbiwa. Mtoto anayeweza kufanya hivyo ameshika ufunguo wa lugha nzima.

Ikiwa umeamua kutafuta programu ya Kiingereza kwa mtoto anayezungumza Kiswahili, kumbuka kwamba nyingi kati ya programu hizo zimetungwa kwa ajili ya mtoto ambaye Kiingereza tayari ni lugha yake. Zinachukulia kwamba anasikia tofauti kati ya “cat”, “cut” na “cart”, tofauti ambayo sikio lililozoea irabu 5 huikosa kwa urahisi, na kwamba anajua “mud” ni nini mara tu anapomaliza kulitamka. Tafuta programu yenye mazoezi ya kusikiliza na kutofautisha irabu kabla ya kuzisoma, yenye kueleza maana ya kila neno kwa picha au kwa kitendo, na yenye mazoezi ya maneno yanayoishia na konsonanti, kwa kuwa mtoto wa Kiswahili huelekea kuongeza irabu mwishoni na kusoma “bed” kama “bedi”. Mara nyingi sehemu hizi hazimo, na mzazi hulazimika kuziongeza mwenyewe. Ni bora ujue hivyo kabla ya kulipa.

Sasa twende kwenye uchunguzi wenyewe. Usiishie kwenye somo la kwanza, kwa sababu masomo ya kwanza ya programu zote hufanana na hupambwa kwa uangalifu. Omba sampuli ya somo la katikati, tuseme la 20, pamoja na orodha ya mpangilio wa kufundisha herufi tangu mwanzo. Kama mchapishaji hana orodha hiyo, au hataki kuionyesha, achana naye. Ukiipata, andika kwenye karatasi herufi na sauti zote zilizofundishwa hadi somo hilo, kisha chukua hadithi ambayo mtoto anatakiwa kuisoma katika somo hilo hilo na upige mstari chini ya kila neno lenye herufi au sauti ambayo bado haijafundishwa. Katika programu nzuri utapiga mistari michache sana, na maneno yenyewe yatakuwa yametajwa na kufundishwa kando. Kipimo changu mwenyewe ni neno moja katika kumi: mistari ikizidi hapo, mtoto hatakuwa anasoma hadithi hiyo, atakuwa anaikisia. Kazi hii huchukua muda mfupi na hukueleza mengi kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye tangazo.

Kukisia ndiyo hatari ambayo ningependa kila mzazi aiogope. Mwaka 1967 Kenneth Goodman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza usomaji kuwa ni aina ya mchezo wa kubashiri, na fikra hiyo iliingia katika vitabu vingi vya watoto, ambavyo mpaka leo humwelekeza mtoto atazame picha, au afikirie ni neno gani lingefaa pale. Dalili yake ni kitabu chenye ukurasa wa “Huyu ni paka”, unaofuatwa na “Huyu ni mbwa”, kisha “Huyu ni ng'ombe”, kila ukurasa ukiwa na picha kubwa ya mnyama. Mtoto atakisoma chote bila kukosea, na wazazi watafurahi, hali hajaitazama herufi hata moja. Funika picha kwa kiganja kisha umwombe asome tena, na ukweli utajitokeza. Picha ni nzuri kwa kufurahia hadithi baada ya kuisoma. Mwongozo unaozitumia kama njia ya kulitambua neno humjengea mtoto tabia ambayo baadaye huwa ngumu sana kuiondoa, kwa kuwa vitabu vya madarasa ya juu havina picha za kumwokoa.

Kwa upande wa Kiingereza, kisio huingia pia kupitia orodha ndefu za maneno ya kukariri kwa umbo. Ni kweli kwamba maneno kama “said”, “was” na “one” hayafuati kanuni za mwanzo na mtoto huyahitaji mapema. Namna bora ya kuyafundisha ni kumwonyesha kwamba s na d katika “said” hutamkwa kama kawaida, na ni sehemu ya katikati tu inayohitaji kukumbukwa. Programu inayoanza kwa kumpa mtoto rundo la kadi za maneno mazima kabla hajajua kuunganisha sauti inageuza mpangilio juu chini.

Sikiliza kwa makini sauti zinazotamkwa katika video au rekodi za programu. Sauti ya m inapaswa kuwa mvumo wa midomo iliyofungwa, isigeuke “ma”. Sauti ya t inapaswa kukatika haraka, isigeuke “ta” wala “te”. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mtoto aliyefundishwa kwamba b husema “ba” hana njia halali ya kufika kwenye “bibi”. Anachokipata ni “ba-i-ba-i”, na anayemfundisha hudhani kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa. Majina ya herufi yanaweza kusubiri mpaka sauti zimetulia. Angalia pia mpangilio wenyewe: programu za Kiingereza nyingi huanza na s, a, t, p, i na n kwa sababu herufi hizo chache huunda maneno mengi mafupi, sauti zinazoweza kuvutwa, kama m, s na f, ni rahisi zaidi kuunganisha kuliko zinazokatika, na b na d, zinazofanana kwa umbo, zinapaswa kutenganishwa kwa masomo mengi. Programu inayofuata tu mpangilio wa alfabeti kutoka a hadi z haijafikiriwa na mtu aliyewahi kufundisha.

Kuunganisha sauti ni ujuzi unaohitaji kufundishwa waziwazi, na watoto wengi hukwama hapo: wanajua herufi zote, lakini hawawezi kuzigeuza kuwa neno. Tafuta katika mwongozo maelezo ya jinsi ya kumsaidia mtoto aliyekwama, kwa mfano kwa kuvuta sauti ya kwanza bila kupumua mpaka iingie katika ya pili. Tafuta vilevile mazoezi ya masikio bila herufi kwa ajili ya mtoto anayeanza: neno “kuku” linaanza kwa sauti gani, au “meza” ukiliondolea “me” linabaki nini. Mazoezi hayo ni ya dakika chache na hayapaswi kuendelea kwa miezi kabla herufi hazijaanza. Jopo la mwaka 2000 liliona kwamba hufanya kazi vizuri zaidi yakiambatana na herufi zenyewe. Kuandika nako kuwe ndani ya kila somo. Imla fupi ya maneno mawili matatu humlazimisha mtoto kulichambua neno sauti kwa sauti, na hukuonyesha wewe ni sauti ipi ambayo bado haisikii.

Programu inaweza kuwa sahihi kwa kila kipimo na bado isikufae wewe unayefundisha. Soma mwongozo wa mwalimu kana kwamba unafundisha kesho: je, unaeleza useme nini, uonyeshe nini, na ufanye nini mtoto akikosea? Kama maandalizi yanachukua muda mrefu kuliko somo lenyewe, masomo yatakatika baada ya muda mfupi. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, dakika 15 hadi 20 kila siku zinatosha, na kila somo linapaswa kuanza kwa marudio ya yaliyopita. Kuhusu gharama, uliza kama kifurushi kina hatua zote au cha mwanzo tu, kama vitabu vya mazoezi huandikwa ndani na kuisha au vinaweza kutumiwa na mtoto wa pili, na kama leseni ya programu ya kompyuta hulipiwa upya kila mwaka. Bei kubwa haithibitishi ubora. Kitabu kimoja chenye mpangilio mzuri huweza kushinda sanduku zima la vifaa.

Programu za simu na kompyuta ninazipima kwa swali moja: je, kuna mtu anayemsikia mtoto akisoma? Mtoto anayegusa jibu kati ya matatu hupata moja katika kila matatu kwa bahati tu, na anaweza kumaliza hatua nyingi bila kuunganisha sauti za neno hata moja kwa mdomo wake. Kwa mazoezi ya kutambua herufi baada ya somo, zinasaidia. Zisichukue nafasi ya mtu mzima aliyeketi kando ya mtoto akifuata kidole chake kwenye mstari.

Wapo wanaoikataa foniki kwa kuwa haifundishi maana. Watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza suala hili vizuri mwaka 1986: ufahamu wa kusoma ni zao la kuzidisha uwezo wa kuyatambua maneno kwa uwezo wa kuielewa lugha, na kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Foniki hushughulikia upande mmoja. Upande wa pili hujengwa kwa mazungumzo, kwa masimulizi na kwa kumsomea mtoto vitabu vilivyo juu kabisa ya kiwango chake, kila siku, tangu kabla hajaijua herufi ya kwanza. Kwa hiyo usidai hadithi tamu kutoka kwenye kitabu cha somo la 5, ambacho kina herufi chache tu za kuchezea. Utamu huo mpe kwa kumsomea wewe mwenyewe.

Mwisho wa uchunguzi wako uwe kwenye vipimo vilivyomo ndani ya programu. Inafaa iwe na jaribio la mwanzo la kuonyesha mtoto aanzie wapi, na majaribio mafupi ya mara kwa mara yenye maneno ambayo hajawahi kuyaona. Kama hayamo, yatunge mwenyewe: kila baada ya wiki chache andika maneno kumi ya kubuni kwa herufi alizofundishwa, kama “dulo”, “nefa” au “gimu”, na umsikilize. Akisoma “dulo” kama “dula”, umejua pa kurudia.

Mtoto akibaki pale pale kwa miezi ingawa anafundishwa vizuri na kila siku, apimwe masikio na macho kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno na kuyaandika kwa usahihi, nao hujifunza kwa sauti na herufi, ila kwa hatua ndogo zaidi, marudio mengi zaidi, na mazoezi yanayounganisha kuona, kusikia, kutamka na kuandika kwa pamoja. Njia iliyoanzishwa na Samuel Orton na Anna Gillingham katika miaka ya 1930 ndiyo chimbuko la programu nyingi za aina hiyo. Ukiamua kubadilisha programu kwa sababu yoyote, usiendeshe mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mipangilio yao ya herufi itagongana na hadithi za moja zitakuwa na herufi ambazo nyingine haijafika. Funga ya zamani, mpe mtoto jaribio la mwanzo la ile mpya, na uanze pale makosa yake yanapoanzia, hata kama ni katikati ya kitabu.